Fizi kabla ya hina: safari ndefu ya mswaki



Muulize bi harusi yeyote wa kisiwani maandalizi yake yamefika wapi. Atakutajia singo na liwa, udi wa kufukizia nguo, hina na piko, asumini za kutungwa siku ileile ili zisinyauke, nguo ya nikahi na nguo ya ukumbini. Somo wake ataongeza yake ambayo hapa hatuyaandiki. Meno huja mwisho kabisa, wiki moja kabla ya shughuli, tena kwa swali moja tu: nifanye nini yawe meupe? Hapo ndipo zinapoanza dawa za mkaa wa kusaga, ndimu na magadi, na vipakti vya kubandika vinavyouzwa mtandaoni.

Habari ya fizi haimo kwenye orodha. Wengi wetu tunatema mate yenye wekundu kila asubuhi na tumeshayazoea, tunasema mswaki mgumu. Lakini mtu mzima hapotezi meno kwa sababu si meupe. Mengi huondoka yakiwa mazima, hayana hata tundu, kwa kuwa ufizi na mfupa ulioyashika umeliwa kidogo kidogo kwa miaka. Bibi zetu waliobaki na meno mawili ya mbele walianza safari hiyo wakiwa na umri wa mabibi harusi wa leo. Ndiyo maana leo tunataka turudi nyuma, tena nyuma sana, tuone watu waliotutangulia walijua nini kuhusu jambo hili. Walijua mengi.

Tuanze na neno lenyewe. Mswaki ni miswak ya Kiarabu, iliyotiwa sauti ya Kiswahili ikapata na wingi wake, miswaki. Siku hizi ukimtuma mtoto dukani akalete mswaki atarudi na wa plastiki, lakini neno lilikuwa la kijiti kabla halijawa la kiwandani. Kijiti hicho hutoka kwenye mti ambao Waarabu huuita araki na wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Ni mti wa nchi kavu na wa udongo wenye chumvi, na unaota Bara Arabu, Afrika Mashariki hadi India. Pwani yetu huku mti wenyewe nao unaitwa mswaki. Lugha chache duniani zimelichukua jina la mti huu likawa jina la kila kifaa cha kusafishia meno. Ya kwetu ni mojawapo.

Mengi tunayoyajua kuhusu mswaki wa Mtume (s.a.w.) tumeyapata kwa mwanamke. Bibi Aisha (r.a.) ndiye aliyeulizwa Mtume alikuwa akianza na nini anapoingia nyumbani kwake, akajibu kuwa alianza na mswaki. Hebu tulitazame jibu hilo kwa jicho la nyumbani. Mume anarudi kutoka kwa watu, kabla ya kuzungumza na mkewe anasafisha kinywa. Bi harusi anafundishwa kujisafisha kwa ajili ya mume, na ni haki, lakini hadithi hii imemtaja mume. Tunawaomba dada zetu wawasomee na maharusi wao wa kiume.

Ni Bibi Aisha pia aliyepokea kuwa mswaki husafisha kinywa na humridhisha Mola. Ni yeye aliyesimulia kwamba alikuwa akipewa mswaki wa Mtume auoshe, akiutumia kwanza yeye kisha akiuosha na kumrudishia. Na ni yeye aliyesimulia saa za mwisho. Ndugu yake Abdulrahman aliingia na mswaki mkononi, Mtume amemwegemea Bibi Aisha kifuani na hana tena nguvu ya kusema mengi. Akautazama ule mswaki. Bibi Aisha akafahamu, akauchukua, akautafuna kwa meno yake hadi ukalainika, akampa, naye akapiga mswaki vizuri kabisa. Muda mfupi baadaye akafariki. Bibi Aisha mwenyewe aliihesabu kuwa ni neema kwake kwamba mate yao yalikutana siku ile.

Kuna na ile hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba lau si kuchelea kuwapa umma uzito, Mtume angewaamrisha mswaki kwa kila sala. Wengi tunaisoma kama sifa ya mswaki tu. Tukiitazama vizuri, ndani yake kuna hesabu pia: sala ni 5 kwa siku. Kinywa kinachoguswa mara nyingi hivyo hakipati nafasi ya kujenga uchafu unaokomaa. Sheria haikulazimisha, ila kipimo kilichopendwa kimetajwa. Wanazuoni wamesema sunna hii ni ya wanaume na wanawake sawasawa, na haijafungwa na sala pekee. Aliye katika siku zake anapiga mswaki kama kawaida.

Wanawake wa zama zile nao walikuwa na mitindo yao ya meno. Kulikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele ili kuweka mwanya, kwani mwanya ulihesabiwa kuwa alama ya ujana na uzuri, na waliokwisha kupita umri waliutafuta kwa tupa. Hadithi aliyoipokea Ibn Masud (r.a.) imewalaani wanaofanya hivyo kwa ajili ya urembo. Wanazuoni wakatenganisha kati ya kubadili umbile kwa urembo na kutibu jino lenye kasoro au maradhi. Tunalitaja kwa sababu siku hizi mabibi harusi wanaulizia kuchongwa meno mazima ili wabandikwe vigae vyeupe juu yake. Kabla hujalipa, muulize shekhe wako, na muulize daktari swali moja la ziada: jino lililochongwa huota tena? Halioti.

Sasa tuhame tuende Andalusia, kama miaka 1,000 iliyopita. Karibu na Cordoba aliishi tabibu Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, akaacha kitabu kikubwa cha utabibu, al-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na amechora humo vyombo vyake kimoja kimoja. Mlango mmoja unahusu kukwangua meno. Anaeleza kuwa juu ya meno, nje na ndani, na hata chini ya ufizi, hukusanyika magamba magumu, meusi au ya manjano au ya kijani, na kwamba huo ndio mwanzo wa kuharibika ufizi. Tiba yake ni tabibu kumlaza mgonjwa kichwa mapajani na kuyakwangua magamba yale hadi yaishe. Yasipoisha siku ya kwanza, arudie ya pili, ya tatu na ya nne. Kisha amechora vikwangulio 14, vya maumbo mbalimbali, kwa sababu sehemu ya ndani ya jino haifikiki kwa chombo kinachofika nje, na katikati ya meno mawili panataka chombo chembamba zaidi.

Magamba hayo ndiyo tunayoyaita ugaga. Yanaanza yakiwa ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi, na ukiachwa hunywa chokaa iliyomo kwenye mate ukawa jiwe. Mswaki hauondoi jiwe. Al-Zahrawi alilijua hilo miaka 1,000 iliyopita, alijua pia kuwa lililojificha chini ya ufizi ndilo baya zaidi, na sisi mpaka leo tunasikia watu wakisema usiende kukwanguliwa, meno yatalegea. Tunaomba dada zetu wauache usemi huu. Meno yanayocheza baada ya kukwanguliwa yalikuwa yamekwisha kulegea, ni ugaga tu ulioyashikilia kama udongo unavyoshikilia nguzo iliyooza. Al-Zahrawi alifundisha pia kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu. Kwa mapenzi yetu ya dhahabu pwani hii huenda wengine wakaona si vibaya, lakini hata yeye aliutaja uzi baada ya ufizi kuharibika.

Zaidi ya miaka 300 baada yake, huko Damascus, Ibn al-Qayyim (aliyefariki 1350) aliandika kuhusu mswaki katika Zad al-Maad. Tunampenda kwa sababu aliandika kama mtu aliyekuwa na kijiti mkononi. Anahimiza mti wa araki, anaonya tusitumie kijiti cha mti tusioujua kwani huenda una sumu, na anasema mtu awe na kiasi, kwa sababu anayezidisha kusugua anaweza kuuondoa mng'aro wa meno yake. Mng'aro, dada zetu! Ule ule tunaoutafuta kwa mkaa na ndimu. Mkaa husugua na ndimu hulainisha gamba la nje la jino, na gamba hilo likilika, linalojitokeza chini yake ni rangi ya manjano. Bi harusi anasugua ili yawe meupe, na anavyozidi kusugua ndivyo anavyoufuata umanjano. Ibn al-Qayyim anaongeza kwamba mswaki ulio bora ni uliolowekwa katika maji ya mawaridi. Tutarudi kwa hilo.

Kwetu pwani kinywa kilikuwa na mgeni mwingine, tambuu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa sinia la majani ya tambuu na popoo. Akapewa majani 10 na popoo kidogo, kadhi aliyekuwa naye akapewa kama yeye, kisha wakamiminiwa maji ya mawaridi ya Damascus. Ukiisoma habari hiyo leo utadhani unasoma mapokezi ya harusi ya kwetu, sinia la uraibu mbele na mrashi nyuma yake. Tambuu, popoo, chokaa na wakati mwingine tumbaku vilikuwa heshima ya nyumba, na kijaluba cha bibi kilikuwa hakiguswi na mtoto. Midomo myekundu ilikuwa urembo.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake. Chokaa na popoo huchubua ndani ya mashavu na hukwaruza fizi, na tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, kiasi kwamba ufizi mgonjwa hautoki damu na mwenyewe akadhani ni mzima. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulitangaza kuwa popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa. Tunaipenda mila yetu na hatumwoni bibi kuwa na kosa, hakuambiwa na mtu. Lakini siku hizi uraibu unarudi kwa vijana ndani ya vipakti vidogo vya rangi vinavyouzwa madukani, havina heshima wala kijaluba, na kwa hao hatuna udhuru.

Kuna ugonjwa mwingine wa fizi ulioacha alama katika historia ya pwani yetu, kiseyeye. Mwanzoni mwa 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga mtoni huko Msumbiji wakati mabaharia wake wengi wakiwa wamevimba miguu na mikono, na fizi zimeota hadi kufunika meno wasiweze kula. Aprili walifika Mombasa. Mfalme aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na mwandishi wa safari ile anasema wagonjwa wao wote walipona. Yeye aliisifu hali ya hewa. Walipovuka tena bahari kurudi kutoka India fizi zikawavimba upya, wakafa watu 30 njiani, na walipofika Malindi Januari 1499 jambo la kwanza waliloomba kwa ajili ya wagonjwa lilikuwa machungwa. Wakati huo walikwisha kuelewa. Hicho ni kiseyeye cha kukosa vitamini C, na kwa anayeishi kisiwani penye machungwa, mapera na maembe ni nadra. Kwa hiyo mtu anayekwambia fizi zako zinatoka damu kwa kukosa vitamini, ukanunua vidonge, huenda anakupotezea muda wako na pesa zako. Damu ya wengi wetu inatokana na ukoga.

Aliyeuona ukoga huo kwa mara ya kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek. Alikuwa fundi wa kutengeneza lenzi ndogo zenye nguvu, na mwaka 1683 aliandika barua kwenda London akieleza alichokiona. Kila asubuhi alisugua meno yake kwa chumvi na kuyafuta kwa kitambaa, na alijisifu kwamba fizi zake hazitoki damu hata akisugua kwa nguvu. Pamoja na hayo akakuta katikati ya meno yake kitu cheupe, kizito kama uji wa unga. Akakichanganya na maji safi ya mvua, akakiweka chini ya lenzi, akaona vijidudu vinavyotembea. Akachunguza na vinywa vya wengine, wanawake na watoto, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani mwake. Kwa mzee yule vijidudu vilijaa kama samaki kwenye tenga.

Kisha akafanya jambo tunalotaka kila mpenzi wa dawa za kusukutua alisikie. Alitia siki juu ya vijidudu vile, vikafa. Akasukutua kwa siki, halafu akachukua tena uchafu wa katikati ya meno yake. Vijidudu vilivyokuwa ndani ya uchafu vilikuwa hai bado. Siki ilikuwa imeua vilivyo nje tu, haikupenya. Huu ndio ukweli wa kinywa mpaka leo, ukoga ni ukuta, na wakazi wake hujificha ndani. Kusukutua kwa maji ya chumvi, kwa maji ya karafuu au kwa dawa ya chupa ya bei kubwa kunanukiza na kunatuliza. Karafuu yetu inajulikana mbali kwa kazi hiyo, hata maofisa wa kale wa Uchina walitakiwa kuiweka mdomoni kabla ya kuzungumza na mfalme wao, na mafuta yake yanatuliza kweli maumivu ya jino. Lakini ukuta hauvunjwi kwa harufu nzuri. Unavunjwa kwa kusuguliwa.

Ilipita karibu miaka 300 kabla mtu hajalithibitisha jambo hilo kwa jaribio. Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Hawakula sumu wala hawakubadilisha kitu kingine. Baada ya siku kati ya 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimewaka. Kisha wakaambiwa warudie kusafisha, na kwa kiasi cha wiki moja fizi zikarudi kama zilivyokuwa. Ni jaribio rahisi mno, na linampa bi harusi habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza, wiki mbili za uzembe zinatosha kuanzisha ugonjwa. Ya pili, ugonjwa ukiwa bado kwenye ufizi tu, unarudi nyuma. Ukishaingia kwenye mfupa haurudi. Hapo daktari anaweza kuuzuia usiendelee, lakini mfupa uliokwenda umekwenda.

Löe huyohuyo, pamoja na mwenzake Silness, alikuwa amechunguza wanawake wajawazito mwaka 1963, na hili linawahusu mabibi harusi kuliko wanavyodhani, kwani wengi wao inshaAllah watabeba mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Waliona uvimbe wa fizi ukianza kuzidi kutoka mwezi wa pili wa mimba, ukafika kilele mwezi wa nane, kisha ukapungua. Homoni za mimba huufanya ufizi uukasirikie ukoga kidogo ambao siku za kawaida ungeuvumilia. Ndio asili ya ule usemi unaosikika nchi nyingi kwamba kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Mtoto hachukui jino wala hanyonyi chokaa ya meno ya mama. Mama ameingia kwenye mimba na fizi zilizokuwa zinatoka damu tangu hajaolewa, kichefuchefu kikamfanya aogope mswaki, tindikali ya matapishi ikalainisha meno, na akaambiwa mjamzito haendi kwa daktari wa meno. Anakwenda, na inafaa aende. Akitapika asukutue kwanza kwa maji, asubiri kama nusu saa, ndipo apige mswaki.

Na mswaki wenyewe, upi? Wa kisasa una historia fupi. Wachina walitumia brashi za manyoya ya nguruwe kwa karne nyingi, kitu ambacho sisi tusingekitia mdomoni, na nyuzi za nailoni zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Wa mti haukusukumwa pembeni na sayansi kama wengi wanavyofikiri. WHO ilihimiza matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii zenye desturi hiyo, na watafiti wa Karolinska, Uswidi, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliotaja kemikali ndani ya mzizi wa araki inayoua bakteria wa ugonjwa wa fizi. Ni ya jamii moja na ile inayoifanya haradali kuwa kali. Ule ukali unaokuchoma ulimi ukiutafuna mswaki mbichi ndio dawa yenyewe, kwa hiyo ukinunua uliokauka hauna ukali, umenunua kijiti.

Lakini tusiusifu kupita kiasi. Kijiti kinafika vizuri mbele na kinapata tabu nyuma na upande wa ndani, na watafiti wa Saudi Arabia mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona fizi zimerudi nyuma zaidi kwa watumiaji wa mswaki wa mti, jambo linalotokana na namna ya kuutumia. Tumeona wengi wanausugua kulia na kushoto kama wanapiga msumeno, hukohuko mbele, huku wanazungumza. Ncha ngumu iliyosuguliwa hivyo kwa miaka inaukwangua ufizi wenyewe. Pia hauna madini ya floridi ya kutosha kuzuia meno kutoboka. Kwa hiyo tunachoshauri ni vyote viwili: brashi laini na dawa ya meno yenye floridi asubuhi na usiku kabla ya kulala, na mswaki wa mti kwa sala za katikati.

Namna yake ni hii. Menya gamba kiasi cha sentimita moja, loweka, tafuna ncha mpaka nyuzi ziachane na ziwe laini. Anzia kwenye mpaka wa jino na ufizi, pale pale unapoogopa pakitoka damu, na uvute kuelekea ncha ya jino, juu kwenda chini na chini kwenda juu. Pita nyuma, pita ndani. Nyuzi zikichakaa kata, anza ncha mpya. Brashi nayo ni vivyo hivyo, ilaze kidogo iangalie ufizi, na mkono uwe mwepesi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku, kwani huko ndiko Leeuwenhoek alikokuta uji wake. Ukiona damu siku za kwanza usiache, iache siku 10 zipite kwanza. Ikiendelea, au ukiona usaha, au jino linacheza, au kinywa kinanuka muda mfupi baada ya kusafisha, nenda kwa daktari wa meno. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo 10, kwa sababu sukari huharibu fizi na fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kushuka.

Tunaulizwa sana kuhusu Ramadhani. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi kisiwani, kauli mashuhuri ni kwamba mwenye kufunga anachukia kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, ingawa Imamu Nawawi mwenyewe alielekea kuona haichukizi, na baadhi ya madhehebu mengine yanaruhusu mchana kutwa. Anayefuata kauli ya kwanza bado ana asubuhi yote, na ana usiku mzima. Tatizo letu haliko mchana wa kufunga. Liko baada ya daku, tunapolala na tende na kaimati kwenye meno.

Kwa bi harusi aliyekwisha kupangiwa tarehe, anza miezi 3 kabla. Mwezi wa kwanza nenda ukakwanguliwe ugaga, maana fizi zinataka muda wa kupona na kukaza, na ukienda wiki ya shughuli utaingia ukumbini na mdomo unauma. Ukishaondolewa ugaga na fizi zikiwa za waridi, utashangaa meno yenyewe yamekuwa meupe bila ya mkaa. Somo naye, anapoliandaa kapu la fungate lenye liwa, udi na vikuba, atie miswaki ya mti mibichi, angalau miwili, mmoja wa bwana, imefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, pamoja na kichupa cha maji ya mawaridi safi ya kutia kwenye chakula. Yale marashi ya dukani yaliyotiwa manukato ni ya nguo. Waloweke usiku, kama alivyoelekeza Ibn al-Qayyim, asubuhi watafune.